Roketi zilipita juu ya vichwa vyetu, hakuna aliyetuuliza

Maneno tuliyosema mbele ya vijana wa Lubumbashi juu ya kazi ya anga na ya ulinzi. Tunayaweka hapa kwa wale ambao hawakuweza kufika.

Jambo ya wandugu wa Katuba, wa Kenya, wa Kamalondo, wa Kampemba, wa Ruashi na wa Annexe. Jambo ya bamama na wazee wetu ambao wamekuja kusikiliza vijana. Tunajua wengine mmekuja na miguu juu ya bei ya taksi-basi. Hatutapoteza saa yenu.

Leo tunataka kuzungumza juu ya kitu ambacho hakizoeleki katika mikutano yetu: ndege, roketi, setilaiti, droni, na vyombo vya kulinda inchi. Tunajua swali ambalo liko kwa kichwa ya wengi: "Maji haitoki kwa robine, umeme unakatika kila siku, diplome zetu zinakula vumbi chini ya kitanda, na ninyi munakuja kutuambia habari ya roketi?"

Swali ni nzuri, na hatutalikimbia. Tunasema hivi: hii kazi iko tayari kwetu, tena tangu zamani. Inachukua udongo wetu, inapita juu ya nyumba zetu, inakula franga ya Leta ambayo ni yetu. Kitu kimoja tu ndicho hakijafanyika: hakuna mtu aliyekuja kukaa chini na raia na kuwaeleza. Hapo ndipo iko shida, na hapo ndipo vijana kama sisi tuna kazi.

Anga inatoka kwa udongo wetu

Tuanze na kitu ambacho kila mtoto wa Katanga anakijua: kobalti. Wengi wanafikiri kobalti ni ya betri za simu na za magari tu. Apana. Ndani ya motere ya ndege kubwa kuna visu vidogo vinavyozunguka katika moto mkali sana, moto ambao ungelegeza chuma cha kawaida. Kwa kuvumilia ule moto, wanachanganya nikeli na kobalti na madini mengine. Na karibu sehemu 70 kwa 100 za kobalti ya dunia inatoka inchi hii: Kolwezi, Likasi, Fungurume. Tantali ya Kivu, ile inayotoka kwa koltani, inaingia katika vipande vidogo vya elektroniki, vya simu, vya ndege na vya makombora.

Na kuna jina moja ambalo kila mtu hapa anapaswa kulijua: Shinkolobwe, karibu na Likasi. Uranium ya ile mugodi ilitumiwa na Wamarekani kutengeneza bomu iliyoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Babu zetu walichimba, walibeba, walipakia katika magunia na mapipa. Nani aliwaambia ni ya kufanya nini? Hakuna.

Kwa hiyo mtu asituambie kwamba kazi ya anga na ya silaha ni mambo ya Wazungu. Sisi tuko ndani tangu mwanzo. Lakini tuko upande wa koleo. Upande wa plani, wa atelie na wa mshahara mzuri, hatupo.

Roketi za Shaba

Sasa tuwaambie hadithi ambayo wengi wa umri wetu hawajafundishwa shuleni, na ilipita hapa hapa, wakati Katanga iliitwa Shaba.

Mwaka 1975, serikali ya Mobutu ilifanya mkataba na sosiete moja ya Wajerumani, OTRAG. Mkubwa wake alikuwa enjenia Lutz Kayser. Alitaka kutengeneza roketi ya bei ya chini kwa kufunga pamoja mirija mingi ya aina moja, kama mtu anavyofunga kuni. Katika fikra, haikuwa ujinga. Kurt Debus, aliyewahi kuongoza kituo cha kurushia roketi cha NASA kule Florida, alikubali kuwa mkubwa katika baraza la ile sosiete.

Lakini tazameni upande wa raia. Mkataba ulitoa eneo la kilomita mraba karibu 100,000 kaskazini ya Shaba, mpaka mwaka 2000. Kilomita mraba 100,000 ni zaidi ya mara tatu ya Rwanda yote. Kulikuwa vijiji mle ndani. Kulikuwa mashamba, makaburi ya wazee, watu wa kuvua samaki. Na dunia ilianza kuusoma ule mkataba kwa magazeti ya nje mwaka 1977, wakati roketi ya kwanza ilikuwa imekwisha kuruka, mwezi wa tano, kutoka mlima unaotazama mto Luvua. Mwezi wa sita wa 1978 Mobutu mwenyewe alikwenda kutazama, na roketi ikaharibika mbele ya macho yake. Mwaka 1979, baada ya mashindano ya wakubwa wa dunia, Urusi ya wakati ule na wengine, akawafukuza. Wakahamia Libia.

Wandugu, nini kilibaki? Hakukubaki shule ya roketi, wala atelie, wala kikundi cha maenjenia Wakongo ambao wangeendeleza ile kazi. Kilichobaki ni barabara ya ndege porini na hadithi za wazee. Udongo mkubwa hivyo, miaka karibu ine, na mtoto wa Manono hakujifunza hata kufunga bulo.

Sisi hatulii juu roketi zilikuja. Tunalia juu zilikuja na zikaenda bila kuzungumza na mtu.

Wengine walifanya namna gani

Mtu atasema: kwa maskini ni hivyo hivyo kila mahali. Si kweli. Tuwape mfano wa inchi ambayo pia ilitoka katika ukoloni na ilikuwa na njaa kuliko sisi.

Mwanzo wa miaka ya 1960, India ilitafuta mahali pa kurushia roketi ndogo za kupima hewa ya juu. Ilipata kijiji cha wavuvi, Thumba, kule Kerala, karibu sana na ikweta ya sumaku ya dunia. Katikati ya kijiji kulikuwa kanisa la Katoliki la Maria Magdalena. Mwanasayansi Vikram Sarabhai hakutuma askari. Alikwenda kumuona askofu, Peter Bernard Pereira. Wanasimulia kwamba askofu alimwambia arudi siku ya Mungu, na mbele ya watu wote katika misa aliwaeleza ni kazi gani, ni ya faida gani, akawauliza kama wanakubali kutoa kanisa lao. Wakakubali. Kanisa likawa biro ya maenjenia. Vipande vya roketi vilibebwa kwa kinga. Tarehe 21 Novemba 1963 roketi ya kwanza iliruka, na ilikuwa ya kupewa na Wamarekani. Mwaka 1980 India ilirusha setilaiti yake na roketi yake yenyewe. Mwaka 2023 ilishusha mashine kwa mwezi. Lile kanisa halikubomolewa. Leo ni nyumba ya makumbusho ambayo watoto wa shule wanatembelea.

Hatusemi wavuvi wa Thumba walipata yote. Kuhama ni kuhama, na bahari ya mtu ni shamba lake. Lakini tofauti na Shaba iko wazi: kule mtu alisimama mbele ya wenye udongo akawauliza. Na mradi ulizaa shule na kazi kwa watoto wa ile inchi.

Lakini tufungue macho

Si kila anayekuja kwa kartie na mufuko wa zawadi anakuja kuuliza. Kuna sosiete za silaha za Ulaya na za Marekani ambazo zinaingia kwa mashule kila mwaka. Kule Uingereza, BAE Systems inazunguka shuleni pamoja na jeshi la anga na la maji, na michezo ya sayansi kwa watoto. Watoto wanafurahi, wanajifunza hesabu, na hilo ni kitu kizuri. Lakini je, wanaambiwa pia zile ndege zinauzwa kwa nani na zinaangusha mabomu wapi? Kama mtoto anaonyeshwa bawa na haonyeshwi bomu, amefundishwa nusu.

Sisi watu wa migodi tunajua mchezo huu vizuri kabisa. Sosiete inakuja, inajenga darasa mbili, inapaka rangi, inaweka kibao kikubwa chenye jina lake, inapiga picha na chefu wa kijiji. Kisha vumbi inaendelea, maji inaendelea kuharibika, na kazi nzuri zinapewa watu wa mbali. Tunajua kutofautisha zawadi na haki.

Kwa hiyo, siku mtu yeyote, wa Leta ao wa sosiete, atakuja kwenu kuzungumza juu ya ndege, droni ao setilaiti, mumuulize mambo matatu. Moja: umekuja kutuuliza ao kutuambia tu? Mbili: ni vijana wangapi wa hapa watajifunza hii kazi, wapi, na kwa mkataba gani? Tatu: hiki chombo kitafanya nini, juu ya nani, na kikiua ama kikiharibu, nani atajibu? Asiyetaka kujibu moja kati ya haya, amekuja kujipamba.

Wakongo wameshajaribu

Tusiseme pia kwamba sisi hatuwezi. Mwaka 1959 reaktere ya kwanza ya nuklia ya Afrika yote iliwashwa Kinshasa, katika iniversite ambayo wakati ule iliitwa Lovanium. Hapa Katanga, Kamina, Wabelgiji walijenga base kubwa ya ndege za jeshi. Na miaka ya 2000, enjenia Mkongo Jean-Patrice Keka na wenzake walitengeneza roketi zao, Troposphère, kule Menkao, pembeni ya Kinshasa. Mwaka 2009 waliweka panya ndani ya moja. Ile roketi ilishindwa, na watu kwa intaneti walicheka sana.

Sisi hatukucheka. Roketi nyingi za Wamarekani na za Warusi zililipuka mbele ya zile zilizofika. Tofauti ni kwamba wao, kisha kulipuka, Leta ililipa ili wajaribu tena. Keka alikuwa na wenzake na mapenzi ya kazi. Leta ilikuwa wapi kumpa vijana kumi wa kufundisha?

Angalieni majirani. Kenya, hatusemi komine, tunasema inchi: mwaka 1970 setilaiti ya Wamarekani inayoitwa Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano katika bahari ya Malindi, na miaka karibu 50 nyuma yake, 2018, Iniversite ya Nairobi ikapata setilaiti yake ndogo, kipande ambacho unaweza kukibeba kwa mkono mmoja. Rwanda, 2019. Uganda, 2022: vijana watatu Waganda walikwenda kusoma Japani, wakatengeneza setilaiti pale pale shuleni. Angola, baada ya ile ya kwanza kushindwa, ikarusha ya pili mwaka huo huo wa 2022. Ni hapa jirani, wandugu. Si mwezi.

Na setilaiti si ya kujivuna tu. Inaonyesha mahali msitu wa miombo unakatwa kwa makala. Inaonyesha mto umebadilika rangi kwa sababu ya asidi ya kiwanda. Inaonyesha mugodi umeingia katika shamba la watu kilomita ngapi. Picha nyingine za namna hii ziko bure kwa intaneti, kutoka setilaiti za Ulaya na za Marekani. Kinachokosa ni watu ambao wamefundishwa kuzisoma. Raia mwenye picha mkononi hadanganywi na sosiete.

Na silaha? Sisi si harakati ya amani?

Ndiyo, sisi ni harakati isiyo ya fujo. Hatushiki silaha na hatutashika. Ndiyo maana swali hili linatuhusu zaidi.

Tarehe 3 Novemba 2022, rais wa Jamhuri aliita vijana waingie jeshi kwa kulinda inchi. Tulio na diplome bila kazi tuliisikia ile sauti kwa njia mbili: upande moja uchungu wa wandugu zetu wa Kivu ambao wanauawa na kukimbia, upande mwingine njaa. Tunaheshimu aliyekwenda kwa moyo. Lakini Leta ambayo inajua kuita kijana siku ya vita, na haikumjua miaka yote alipokuwa anatafuta kazi na dosie chini ya kwapa, ina deni kwake.

Mwezi wa kumi na mbili 2022, Umoja wa Mataifa uliondoa sharti la mwisho lililobana serikali yetu katika kununua silaha. Sasa Kongo inanunua kama inchi nyingine. Basi tunauliza: franga ngapi, kwa nani, na je katika kila mkataba kuna sehemu ya kufundisha Wakongo kutengeneza hata vipuri? Inchi inayonunua droni bila kujifunza hata kuifungua inabaki muteja siku zote. Na muteja wa silaha ni muteja wa vita.

Tunauliza pia juu ya damu. Mwaka 2006, wakati wa uchaguzi, droni ya jeshi la Ubelgiji ilianguka katikati ya Kinshasa, ikaua mtu na kujeruhi wengine. Haikuwa vita. Ilikuwa mashine iliyokuja kutulinda. Tangu 2013 tuliona droni za MONUSCO zinaruka Goma, na leo, upande wa mashariki, raia wanaangalia juu kila wanaposikia sauti, bila kujua ni ya nani. Kufundisha raia juu ya vyombo hivi si kuwafundisha kupenda vita. Ni kuwapa neno la kusema.

Tunadai nini

Kwanza, mikataba yote ya anga na ya ulinzi ipite mbele ya wabunge, na kila mkataba uwe na sehemu ya kufundisha na ya kuajiri Wakongo. Siri ya jeshi tunaielewa. Siri ya bei na ya komisyo, hiyo hatuielewi.

Pili, tangu 2006 Ulaya imeweka sosiete zetu za ndege kwenye orodha nyeusi. Aibu ile haitatoka kwa maneno. Itatoka siku tutakuwa na wakaguzi, mafundi wa motere, watu wa kuongoza ndege na wa kusoma hali ya hewa, wengi na wazuri. Hizo ni kazi za kweli, na shule zetu za ufundi na mainiversite zina vijana wenye kichwa. Wafungulieni milango. Uwanja wa Luano uko hapa: angalau siku moja kwa mwaka watoto wa shule waingie, waone, waulize.

Tatu, sosiete zinazochukua kobalti yetu zinajua vizuri inaenda wapi. Wakisema wanasaidia kijiji, tusipewe rangi ya ukuta tu. Tunataka labo ya fizika, atelie, na pesa ya masomo kwa mtoto wa mchimbaji.

Na sisi tunafanya nini

Kudai peke yake haitoshi. Kati yetu kuna waliosoma elektroniki, metalirji, informatike, jeografia. Tunakaa bila kazi, lakini hatukai bila akili. Kwa hiyo tunaanza hivi: kila komine, kikundi kimoja. Jumamosi, darasa la shule ao sale ya parokia ambayo watatukopesha. Wale wa jeografia wafundishe kusoma picha za setilaiti, na tuanze na kartie yetu: mifereji iliyoziba, mahali maji inabomoa udongo, mugodi unaokaribia nyumba. Wale wa elektroniki wachukue redio na simu zilizokufa, wafundishe watoto kusoza na kupima. Wale wa sheria wasome mikataba, watueleze kwa Kiswahili ambacho mama wa soko atasikia.

Tena, twende kwa wazee. Kuna watu Manono na Kalemie ambao waliona roketi za 1977 na macho yao, wamezeeka na hakuna aliyeandika maneno yao. Mwenye babu ama nyanya kule, amupigie simu wiki hii, arekodi sauti, atuletee. Wakifariki, tutabaki na hadithi iliyoandikwa na Wajerumani peke yao.

Hatuahidi mtu kazi. Hatuna kazi ya kutoa, sisi wenyewe tunaitafuta. Tunachoahidi ni kwamba siku atakuja mtu mwingine na mkataba wa miaka 25 chini ya mkono, atakuta vijana wanaojua kuusoma, wanaojua kuuliza, na wanaojua hiyo mashine inafanya kazi namna gani.

Kidole kimoja hakiui chawa. Anayetaka kuingia katika kikundi cha komine yake, aandike jina kabla ya kutoka hapa. Anayesoma haya kwa simu, atuandikie komine yake na kitu anachoweza kufundisha, hata kama ni kidogo.

Kongo ni yetu, chini na juu.